Kisu Kisichotaka Maji

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na Damascène alikuwa amefanya yote mawili kabla hajaota ndevu. Babake, mzee Hakorimana, alifua majembe kwenye kilima kimoja karibu na Mweso. Basi Mzungu aliyekuwa akikereza vyuma katika karakana ya huko chini alipoondoka, mwaka wa sitini, wakati wa uhuru, mashine yake ya kuzungusha chuma kikichongwa kwa kisu, waliyoiita tour, ikabaki mikononi mwa Damascène. Miaka miwili aliiendesha vizuri, ila visu vilimtesa.

Kila kisu kilibandikwa mbele ncha ndogo nyeusi, ngumu ajabu, waliyoiita plakete. Mpya hazikuja tena kutoka Ulaya, na zilizokuwepo zilipasuka moja baada ya nyingine, saba katika miezi mitatu. Mtu mwingine angezitupa. Damascène alizitia kwenye kopo tupu la maziwa, na adhuhuri wenzake wakila, yeye alizimwaga mezani na kuzikodolea macho. Walimcheka wakasema anachambua maharagwe.

Mbili zilimeguka pembeni, na kosa lake alilijua: aliilazimisha mashine kula chuma kingi kwa mara moja, ncha ikaelemewa. Lakini tano zilikuwa na nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, na hizo hakuzielemea hata kidogo. Alizitunza mno! Kila alipomaliza mkato, ncha ikiwa imeiva kwa joto, aliichovya kwenye kopo la maji baridi, kama babake alivyomfundisha kugumisha jembe.

Jumamosi moja Straton, mkubwa wa karakana, akamletea mhimili wa pampu wa kukereza, kutoka mgodi wa Walikale, mgodi uliojaa maji.

"Plakete iko moja tu," Straton akasema. "Kama inapasuka, nafunga tour. Utarudia kubeba makesi."

Damascène hakulala vizuri. Kubeba makasha, baada ya kuonja mashine ile! Jumapili baada ya misa alipanda kilimani kwa babake, na moja ya plakete zenye nyufa mfukoni.

"Papa, jembe inapenda maji. Juu ya nini hii inayakataa?"

Mzee aliigonga kwenye fuawe, akatega sikio, akaigonga tena.

"Hii hailii sawa chuma. Iko sawa jiwe. Na ile jiwe kubwa ya mu shamba ya mama yako, tuliipasuaka namna gani?"

Damascène akakumbuka. Walikoka moto juu ya lile jiwe kutwa nzima, kisha wakalimwagia maji ya mtoni. Juu likapoa na kujikaza ghafla, tumboni lingali linawaka, likapasuka kwa kishindo.

"Kumbe njo mimi nilikuwa nazipasua!" Aliona haya, halafu akacheka mpaka babake naye akacheka. Kujua kulimfurahisha kuliko kosa lilivyomuuma.

Jumatatu alikereza bila maji, akikata chuma kidogo kidogo. Vipande vyembamba vya chuma vilipotoka vya bluu, alijua joto limezidi. Akapunguza mwendo hadi vikawa rangi ya asali. Mara tatu mkono wake ulielekea kwenye kopo wenyewe, kwa mazoea, na mara tatu akaurudisha.

Mkato wa mwisho ukaisha. Straton, akiifurahia kazi, aliona ncha inafuka moshi, akalinyakua kopo la maji.

"Ngoja nikusaidie kuipozesha."

"Acha!" Damascène akamdaka mkono. Wenzake wote wakageuka, maana hakuna aliyewahi kumpigia kelele Straton. Damascène hakuuachia ule mkono. "Iache ipoe yenyewe, mkubwa. Maji njo inaipasuaka."

Straton alimtazama, akatazama kisu, akakaa juu ya kasha bado ameshika kopo. Wakangoja. Ncha ilipopoa, Damascène aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akampa mkubwa wake aikague. Haikuwa na ufa hata mmoja.

Straton akainuka, akaenda mlangoni, akayamwaga maji nje.