Ufizi Wangu na Insulini Isiyotosha

Niliambiwa ati mgonjwa wa kisukari akitoka damu kwenye ufizi, ashukuru: ni sukari inatafuta njia ya kutoka. Aliyeniambia ni Barasa, mwenye mashine ya kusaga unga kule Kimilili. Nilimwamini kuliko mwalimu wangu wa sayansi wa shule ya jioni, ambako nilipata cheti nikiwa na mvi za kutosha kufuma sweta. Nilitema nyuma ya ghala la mahindi, nikangoja kuona kama sisimizi watakuja. Wakaja wawili. Mimi nikaona jeshi.

Mimi ni mkulima hapa nje ya Kitale. Zamani nilibeba gunia la mahindi kila bega, na wimbo juu. Kisukari kilinipata nikiwa na miaka ishirini na sita, kile cha kutegemea insulini. Daktari alisema kinga ya mwili wangu ilishambulia kongosho langu lenyewe. Nikazoea sindano. Chupa ya dawa hukaa kwenye mtungi, ndani ya mchanga wenye maji ili isipate joto, na miaka mingi tulielewana.

Kisha ufizi ukavimba, mwekundu kama nyanya. Mdomo ulinuka hadi mke wangu Nekesa akawa analala akitazama ukuta. Sukari ikapanda. Kliniki wakaniongezea insulini, sukari bado ikapanda. Wakaongeza tena. Na nikachoka, bana. Kufunga kamba za viatu ilikuwa kazi ya siku nzima. Wenzangu walivuna, mimi nimekaa kwenye gunia, machozi yananitoka bila sababu.

"Baba Njeri, si uende huo mdomo uangaliwe?" Nekesa alisema.

"Wacha, mama. Ni sukari inatoka hiyo."

"Inatoka na wewe."

Asubuhi moja nilitapika hadi nyongo, nikihema kama mtu aliyekimbia kutoka Bungoma bila kupumzika. Nekesa alinipandisha pikipiki nyuma ya dereva, akakaa nyuma yangu, akanifunga kwake kwa leso kama mtoto. Hospitalini walinitundikia maji na insulini siku tatu. Daktari akanifungua mdomo, akamulika ndani kwa tochi.

"Mzee, ungechelewa hadi jioni tungekupoteza," akasema. "Na ukirudi nyumbani na huu ufizi, utarudi hapa."

Akaniandikia barua kwa daktari wa meno Bungoma. Nilikaa Mabanga, karibu na hapo, kwa mama mkwe, nikinywa uji kama mtoto wa kuachishwa ziwa. Yule daktari alinisafisha chini ya ufizi, akang'oa meno mawili yaliyokuwa yakicheza. Baada ya miezi mitatu, kliniki walinirudishia kipimo changu cha zamani cha insulini. Bado nachoka, lakini msimu huu nimevuna mistari yangu mwenyewe. Namshukuru Mungu, na Nekesa na leso yake. Wewe mwenye sindano, usiiache hata siku moja. Na ufizi ukitoa damu, au kidonda kikikataa kupona, nenda uonekane mapema.

Siku ya mwisho kule Bungoma nilimuuliza yule daktari wa meno, nikiona haya, "Sasa ile sukari iliyotoka mdomoni, haikunipunguzia hata kidogo?"

Hakucheka.

"Hakuna sukari iliyokuwa ikitoka, baba. Ilikuwa damu. Ufizi wako uliugua, mwili ukapigana nao miezi yote hiyo, na vita hivyo ndivyo vilivyoizuia insulini kufanya kazi."