Mkono wa Roboti Uliochagua Mipira

Nakumbuka Jumamosi moja kule Kamachumu, wiki moja kabla ya mashindano ya roboti za shule mjini Bukoba. Mwanangu, wewe unayeanza kuunda roboti, nimemaliza chuo juzi tu na umri wangu haunipi haki ya kukuita hivyo, lakini nivumilie.

Roboti yetu ilitakiwa kuokota mipira midogo iliyotawanywa sakafuni. Isipofikisha sita, tunatolewa. Na kwa Adelina, mwenzangu aliyekuwa anamaliza kidato cha sita, hapakuwa na mwaka mwingine. Mkono niliuchora mimi: vidole vitatu vya kushika mpira mmoja kwa upole, kama Bibi alivyonifundisha kuchuma kahawa, moja moja, nyekundu tu. Niliuchora upya mara saba. Adelina alitaka rola iliyovishwa tyubu ya baiskeli, izunguke na kuvuta mipira ndani. Nikamwambia tufanye utafiti kwanza.

“Utafiti gani? Mkono wako umeokota miwili tangu asubuhi. Hata kuku wa Bibi yako wanatushinda.”

Tukibishana hivyo uani, mawingu yakafunga. Kahawa ya Bibi ilikuwa imeanikwa mikekani. Nikakimbilia kuiokota, huku nikitenga zilizooza.

“Wewe, mvua itakusubiri umalize kuchagua?” Bibi akauliza, akisukuma rundo zima kwa ubao.

“Bibi, si wewe uliyesema moja moja?”

“Mtini chagua. Chini zoa. Hivi huko shule mnasomaga nini?”

Nikaacha kuchagua, nikazoa naye; usiku ndipo nikaelewa kuwa mipira yetu nayo iko chini, si mtini.

Jumatatu tukaanza kuunda rola; ilikamilika siku moja kabla ya safari. Kule Bukoba ilizoa mipira mitano, wa sita ukakwama, tukatolewa. Siku moja ya kujaribu haikutosha. Adelina hakunilaumu. Alifungua skrubu za rola, na hadi leo sijamwomba msamaha.

Akili nyingi huondoa maarifa, wanasema wahenga. Wahenga haohao wanasema haraka haraka haina baraka. Nimeshindwa kuwapatanisha.

Ninachokijua ni kidogo, mwanangu. Kabla hujachora, piga magoti uitazame kazi yenyewe. Mwenzako akikuletea wazo, lijaribu siku hiyohiyo, na wewe unayelitilia shaka ndiwe ushike bisibisi. Michoro isiwe maficho yako.

Mungu akupe mikono isiyoogopa kukosea mapema, na akujalie kumwomba msamaha mwenzako angali karibu.