Bibi Alinionyesha Mbavu za Yusufu

Mchana ule usingizi ulinipitia kitini, Yusufu akiwa kifuani pangu. Alikuwa na miaka miwili. Asubuhi nilimwacha kwa Mwajuma, shoga yangu tangu darasa la kwanza, nikaenda sokoni kuuza vitenge. Niliporudi nilimkuta anakohoa.

“Mafua tu, mama Yusufu,” Mwajuma aliniambia. “Nenda ukamlaze.”

Nilimwamini. Siku niliyojifungua, yeye ndiye aliyempakata wa kwanza.

Basi namwona bibi yangu, mzaa mama. Alikuwa mkunga wa zahanati, na tulimzika kabla Yusufu hajazaliwa. Amevaa gauni lake jeupe la kazi. Tuko sebuleni kwangu, kisha tuko zahanati, kwenye benchi la wagonjwa, na mtoto bado yuko mikononi mwangu.

“Shikamoo bibi.”

Anamfunua Yusufu fulana.

“Tazama mbavu.”

Natazama. Kila akivuta pumzi ngozi inazama katikati ya mbavu, na chini ya koo panabonyea. Pua zinatanuka.

“Mwajuma kasema ni mafua,” nasema.

Bibi ananitazama kwa huruma, kama alivyokuwa akiwatazama wafiwa.

“Mtoto akihangaika kuvuta pumzi hangojwi, mjukuu wangu. Amka.”

Nikaamka. Nikamfunua fulana, na mbavu zilikuwa zinazama vilevile. Midomo ilianza kuwa ya kijivu, na kifuani mlitoka mlio mwembamba kama wa filimbi. Nilimbeba wima, nikapanda bodaboda ya kwanza niliyoiona hadi hospitali.

Walimwekea oksijeni papo hapo. Daktari akaniuliza, “Leo kuna kitu kilimpalia?”

Nikampigia Mwajuma. Nikamuuliza swali lilelile.

“Alipaliwa na karanga,” akasema. “Nilimpiga mgongoni akatulia, nikadhani imeshuka. Niliogopa hutaniachia tena mtoto.”

“Na mimi nilipokuja kumchukua?”

Akakata simu.

Jioni ile madaktari waliitoa punje ya karanga kwenye njia ya hewa, na mwanangu akalala akipumua bila kelele. Kesho yake Mwajuma alikuja wodini na chupa ya uji. Macho yalikuwa yamemvimba. Niliitikia salamu yake, nikapokea uji, sikumpa mtoto ampakate.

Karanga nilishamsamehe, ingeweza kutokea hata mikononi mwangu. Kunitazama usoni akijua, kisha kuniacha niondoke, ndiko kunakonishinda hadi leo.