Siku Mabeki Walipopiga Magoti

Jamani, msinicheke. Najua mtu wa miaka ishirini na nane hana ruhusa ya kusema "enzi zetu", hayo ni maneno ya mababu. Lakini wenzangu mliosoma shule za msingi huku Bariadi wakati nyumba nzima ina simu moja, tena ya baba, tena ya tochi, mtanielewa. Zilikuwa enzi kabisa zile!

Jumamosi asubuhi tulikuwa shambani kuchuma pamba mpaka vidole vinachanika kwa vile vitumba vikavu. Mchana tunakula ugali na mlenda harakaharaka, hata mkono haujakauka vizuri, tunakimbilia chuoni. Nyuma ya mashamba yetu kulikuwa na chuo cha ualimu, na chuoni kulikuwa na Mwalimu Minza, kocha wa wasichana wa mpira wa magongo.

Alivyotuanzisha sisi watoto ni kichekesho. Jumapili moja alisimama kanisani wakati wa matangazo akasema, "Jumamosi saa tisa leteni watoto chuoni, nitawafundisha magongo."

Mama akanishika mkono kama nataka kutoroka. "Gongo? Watoto hawa? Na anatangazia hapahapa madhabahuni?" Mzee mmoja wa kanisa akasimama akauliza kwa upole kama serikali ina habari. Kwetu gongo ni ile pombe ya kufichwa nyuma ya ghala, hatukujua nyingine. Ikabidi Mwalimu atoke nje kwenye baiskeli yake, arudi na gongo lenyewe la mti, lililopinda kichwani, achukue limau moja kwenye kapu la sadaka na kulisukuma sakafuni mpaka miguuni kwa mchungaji. Watu walicheka mpaka ibada ikachelewa kuisha.

Basi tukaenda. Magongo yetu tulichonga wenyewe kwa matawi ya mkwaju, mpira ulikuwa pamba mbovu iliyoshindiliwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Sheria zake zilitutesa sana. Mguu ukigusa mpira, kosa. Ukipiga kwa mgongo wa gongo, kosa. Na sisi tuliokulia nyuma ya ng'ombe tulikuwa tunalinyanyua gongo juu kabisa, kama fimbo ya kuchungia. "Wewe mtoto!" Mwalimu alikuwa akipiga kelele. "Huo ni mpira, siyo ndama! Unaupeleka wapi, mnadani?" Tukichoka anatugawia michembe kutoka kwenye mfuko wa nailoni, vile viazi vilivyokaushwa, vigumu kama mbao na vitamu kama nini. Tunatafuna tumelala chali kwenye majani, jasho linakauka na chumvi inabaki usoni.

Siku moja Mkuu wa chuo alikuja uwanjani, amevaa kofia yake ya pama. Akasimama, akamwambia Mwalimu Minza mbele yetu sote, "Mwalimu, mwaka jana wageni wa mechi ya vyuo waliwafunga mabao saba. Mwezi huu wanarudi. Mkifungwa tena, kiwanja hiki nalima pamba. Chuo kinahitaji shamba kuliko aibu."

"Sawa, Mkuu," alijibu Mwalimu. Lakini Jumamosi hiyo alisahau kutugawia michembe, na sisi hatukudai. Kiwanja kile alikisafisha yeye na wanachuo wake kwa majembe, akang'oa visiki, akaokota mawe. Alikuwa na miaka sita pale na hakuwahi kushika kombe hata moja. Kiwanja kikienda, na ukocha wake ndiyo umekwisha.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunacheza wenyewe, Mwalimu ameingia ofisini. Mimi nilikuwa beki. Jirani yetu Masunga, mwenye nguvu kama dume la ng'ombe, akaupiga mpira kuja upande wangu. Palepale Mwalimu akatokea mlangoni. Sasa nyumbani kwetu tumefundwa hivi: mkubwa akitokea, weka chini ulichoshika, piga goti, salimia. Mama alikuwa akisema, "Salamu haisubiri upate nafasi." Nami sikusubiri. Nikalaza gongo chini mbele yangu, goti likafuata, "Mwadila, mayu!" Yaani habari za mchana, mama, kwa Kisukuma chetu, na anayesalimiwa huitikia vilevile, mwadila.

Mpira ukagonga gongo, ta! Ukasimama.

Wenzangu walianguka kwa kicheko. Masunga akafoka, "Mjinga wewe! Unasalimia watu wakati unafungwa?"

"Hajafungwa," akasema Mwalimu Minza. Alikuwa anauangalia ule mpira. "Hebu nisalimie tena."

Nilimsalimia siku ile zaidi ya mara thelathini. Masunga anapiga, mimi nalaza gongo na goti, mwadila mayu. Magoti yalichubuka, nikatembea kama bibi wiki nzima, lakini Jumatatu nilipopita nikitoka shule niliwakuta wanachuo wote wa ulinzi wanafanya zoezi langu. Nilivimba kichwa, sijui nisemeje.

Siku ya mechi ilijaa watu mpaka kutoka Dutwa, baiskeli zimelazwa kila mahali. Wageni walikuwa wa jijini, soksi ndefu, magongo ya dukani yanang'aa. Walikuwa na mshambuliaji mmoja mrefu anayekimbia kama amefukuzwa na nyuki. Wakatufunga moja mapema. Mkuu akatazama kiwanja, nami niliona kabisa macho yake yanapima matuta. Wasichana wetu wakarudisha kipindi cha pili. Moja moja. Kisha wageni wakaja juu, wote, dakika zile za mwisho ambazo refa anaangalia saa na wewe unaomba apulize filimbi.

Yule mrefu akaachia shuti. Mwalimu Minza akapasua sauti kutoka pembeni, "Mwadilaaa!"

Mabeki wanne wakaenda chini pamoja, magongo yamelala kama uzio. Na wazee wote waliokuwa kwenye viti, ambao hawakujua habari za mazoezi wala mbinu, waliona mabinti wamepiga magoti mbele yao. Wakaitikia kwa pamoja, "Mwadilaaa!" Mkuu wa chuo naye alishasimama, kofia mkononi, ameitikia! Mpira uligonga ule uzio ukarudi ulikotoka, na yule mrefu akabaki amesimama anatafuta nani kamsalimia nani. Refa akapuliza.

Hatukushinda, lakini tulishangilia kama tumeshinda. Mkuu alivaa kofia yake taratibu, akasema, "Haya, pamba tutatafutia sehemu nyingine." Mwalimu Minza akatugeuzia mgongo akalia, halafu akatugawia michembe yote, ya siku ile na ya ile Jumamosi aliyosahau.

Alifundisha pale mpaka alipostaafu mwaka jana. Kombe hakupata. Ila wasichana wake sasa ni walimu, Itilima, Busega, na wanacheza magongo na watoto wao wa shule. Mimi niliishia kidato cha nne, nina cherehani yangu Dutwa, lakini nikipinda kitambaa mawazo yapo uwanjani. Nitakuwa kocha, mtaona.

Maana kiwanja kipo. Kinachokosekana ni watu. Sisi tulikuwa ishirini na wawili na magongo ya mkwaju. Leo stoo ya chuo ina magongo mapya ya dukani na vijana wanayaazima wapige picha, wanaweka mtandaoni "mazoezi makali", na gongo halijagusa hata jani. Jumamosi iliyopita niliita watoto wa jirani, wakaja watano. Mmoja aliuliza mchezo huu unachezwa kwa bando la nani.

Mwalimu Minza alikuwa amekuja kutazama, amekaa kwenye kiti cha plastiki, kanga mabegani. Aliniahidi hatasema neno, yeye ni mstaafu. Akavumilia dakika kumi, watoto wananyanyua magongo juu kama sisi zamani. Kisha akavua kandambili, akanikabidhi karanga alizokuwa akitafuna na kuingia uwanjani.