Majani Kabla Hayajageuka

Pale maabara walimwita Mama Majani, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kila mwaka, kwenye miti ile ile ya mlimani, alikata majani ya juu kabisa, yale yanayokula jua, yakakaushwe, yasagwe, yapimwe virutubisho. Msitu ukianza kuchoka, majani ndiyo husema kwanza.

Mwaka ule mvua ilimkuta njiani akirudi na majani. Alifika nyumbani hoi, akalala. Mumewe, fundi cherehani, aliona mifuko ya karatasi imelowa, akaingiwa na huruma. Akayahamishia majani yote kwenye mifuko ya plastiki, akaikaza kwa mafundo ya kifundi. Asubuhi majani yalikuwa yametoka jasho, yameiva meusi, yananuka.

"Nilikuwa nakusaidia, mke wangu."

"Umenisaidia kama mvua inavyomsaidia aliyeanika nguo!"

"Si majani tu? Msitu mzima umejaa."

"Mti unajiandaa kupukutisha, baba watoto. Kabla ya kuliachia jani, unanyonya chakula chake, unakirudisha ndani. Likishageuka njano, nitapima ganda tupu."

Alimpigia simu mkuu wa maabara, akamweleza bila kumtaja mumewe.

"Turuke mwaka huu, mama. Na goti lako hilo..."

"Goti ni langu, bosi. Mwaka ukirukwa, tutajuaje msitu ulikuwaje?"

Wakapanda mlima wote wawili, fundi amebeba ufito mrefu wenye mkasi nchani, akihema kama mvukuto. Huku na huku matawi yalikuwa yameanza kupauka.

"Haya ya chini je? Yako karibu."

"Yamekulia kivulini hayo. Mteja wako unampima kwa kivuli chake?"

Fundi akainua mkasi.

Goti lilimchoma mkewe kila alipoinama kuokota, lakini aliinama. Jani lenye doa la njano alilitupa. La kijani alilitia kwenye mfuko wa karatasi, mdomo wazi, lipumue. Jioni ulibaki mti mmoja, umegeuka wote, unang'aa kama taa.

"Jaza tu ya jirani yake," fundi alinong'ona. "Nani atajua?"

"Mimi."

Mfuko wa mti ule akaukunja mtupu, akaandika juu yake: *tumechelewa*. Kisha akaegemea bega la mumewe, wakaanza kuteremka na ile mifuko mingine, ili iwahi kuingia kwenye tanuri la kukaushia kabla maabara haijafungwa.