Siku Uwanja Ulipobaki na Simu Tu

Umewahi kuona uwanja umejaa watu, ukageuka kidogo tu, ukakuta zimebaki simu?

Mimi nimeona. Na nilikuwa na akili zangu timamu.

Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu. Kazi yangu ni kutafiti sehemu za wazi za mjini: nani anakaa wapi, na kwa nini. Basi katikati ya mji kuna uwanja mdogo wenye mabenchi na banda lililoezekwa paneli za sola. Chini ya banda kuna meza ya kuchajia simu bure, na unajua tena watu na vya bure.

Nilikuwa naenda pale kila asubuhi, barakoa usoni, kitambulisho kifuani. Najibanza pembeni, naangalia. Kila benchi nakuta mtu mmoja huku, mwingine kule, katikati patupu.

Moyoni nikashangilia. Korona imeondoka lakini hofu yake bado imo mwilini mwa watu. Ripoti ndiyo hiyo, na cheo kiko njiani.

Kumbe manispaa nao wana yao. Walitaka uwanja uwe maegesho ya magari. Mwenyekiti wa kamati, mzee asiyecheka hata kwa bahati mbaya, akanipasulia.

"Mwalimu, tutakuja wenyewe. Tukikuta watu, uwanja unabaki. Tukikuta patupu, tunamwaga lami."

Nikamwambia karibuni sana. Uwanja ukifa, na utafiti wangu ndiyo basi, lakini sikuwa na wasiwasi.

Siku yenyewe, kwa kimbelembele changu, nikawagawia wajumbe wote barakoa na vitambulisho kama changu. Nilitaka tuonekane watu wa maana.

Nikatangulia. Nikauona uwanja umefurika. Nikageuka kuwaita, "Wazee, njooni mjionee."

Kugeuka tena, hakuna hata wa dawa.

Mezani simu tu, zimejipanga, zinachaji.

"Watu wako wako wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Walikuwepo sasa hivi, mzee wangu."

"Haya. Lami," akawaambia wenzake. Akatoa simu ampigie mkewe kwamba kazi imeisha mapema, anarudi kula.

Simu ikaita. Palepale mezani.

Akakata, ikanyamaza. Akapiga tena, ikaita tena. Akasogea, akainama, akasoma kwenye kioo jina aliloandikiwa humo: "Mzee wa Kununa."

Nyuma ya ukuta wa uwanja mtu akashindwa kujizuia, akacheka. Kicheko kile nilikijua. Alikuwa mama mmoja asiyekosa pale uwanjani, ambaye wenzake humwita Bi Vicheko. Kumbe mume wake ndiye huyu.

Akatoka anajifuta machozi.

"Si uliniambia unashinda nyumbani?" mwenyekiti akasema.

"Nyumbani naongea na nani, baba? Wewe ukirudi unakula, unanuna, unalala. Hapa nina watu."

"Watu gani? Mbona siwaoni?"

Akageukia ukuta. "Jamani tokeni, ni mume wangu tu huyu."

Wakaanza kuchomoza. Wengine nyuma ya ukuta, wengine kwenye kibanda cha magazeti, fundi viatu kutoka chini ya ngazi. Kila mmoja akaenda kwanza kuangalia simu yake.

"Mlikuwa mnakimbia nini?" nikauliza, na hasira zimenipanda.

Bi Vicheko akanitazama kwa huruma. "Bwana, ukija peke yako na hiyo barakoa tunaachiana nafasi kidogo, tunajua wewe ni mtu wa afya, usije ukatupiga faini. Leo umekuja na kikosi kizima. Ungekuwa wewe ungebaki?"

"Na nikiondoka?"

"Tunabanana."

Ripoti yangu ikafa mchana kweupe. Niliumia, siwezi kudanganya. Wajumbe walicheka mpaka barakoa zikawavuka.

Mwenyekiti hakucheka. Alimtazama mkewe akirudi kubanana na wenzake benchini, kisha akawafuata.

"Sogeeni," akasema.

Wakasogea, akajipenyeza pembeni ya mkewe. Magari, akasema, yatatafutiwa pengine.

Mimi nikaanza utafiti upya, safari hii nimekaa benchini nimebanwa huku na huku. Na wewe unayesoma, kabla hujaandika popote kwamba watu wanaogopana, hakikisha kwanza hawakuogopi wewe.