Siku Niliyomvisha Mwalimu Mkuu Taji

Mimi ndiye yule kijana aliyemtukana mwalimu mkuu kwa Kizungu mbele ya wazazi wote na mkaguzi kutoka Nyeri mjini, na nikapigiwa makofi. Wacheni nikubali mapema, maana kuna watu hapa kwetu Skuta bado wananicheka.

Ilikuwa miaka ya sabini, niko kidato cha pili, shule ya kutwa huko Mukurwe-ini. Siku hizo ukisikika ukiongea Kikuyu shuleni ulivishwa diski, yaani kipande cha mbao chenye kamba, ukazunguka nacho shingoni mpaka umnase mwenzako naye akichukue. Matokeo? Kizungu kikatushinda, Kikuyu tukakiogopa, tukanyamaza shule nzima (mkuu aliita hiyo nidhamu). Ndipo akaja Madam Nyambura, mwalimu mpya wa Kizungu, akasema shida yetu si akili, ni woga, akamwomba mkuu aifungie diski kabatini. Mkuu akakubali, lakini Siku ya Wazazi mwanafunzi mmoja atoe shukrani kwa Kizungu, na akiharibu, diski inarudi.

Aliyechaguliwa ni nani? Bwana mdomo, mimi.

Sasa, mnajua ndimi zetu na hiyo L, vile hugeuka R tukitazama hivi hivi. Mwezi mzima Madam alitupigisha mazoezi, "Ulimi juu! Gusa meno!" mpaka mate yakatuishia. Hotuba aliniandikia mwenyewe, sentensi sita fupi, akaniambia, "Kariuki, soma hivyo ilivyo. Na ukiingiwa na woga, paza sauti."

Ningesoma hivyo, leo ningekuwa na heshima zangu. Lakini asubuhi hiyo nikaona hotuba haina chumvi, nikaongeza neno moja tu kutoka kwa kamusi, "crown", yaani taji. Mkuu wetu ni taji la shule. Nani angekataa sifa kama hiyo?

Nikasimama, sentensi sita zikateleza vizuri, nikafika kwa taji langu, nikaona R imekaa hapo, nikakumbuka mazoezi (kila R ni adui, si ndiyo?), nikainua ulimi, nikagusa meno: "Our headmaster is the clown of this school!"

Clown, kwa wale hamjabahatika, ni yule mtu wa sarakasi anayepakwa pua nyekundu ili watoto wacheke. Mkaguzi akaziba mdomo kwa leso. Woga ukaniingia, na mimi, mtoto mtiifu, nikapaza sauti: "A very big clown!" Mkaguzi akacheka mpaka machozi, na wazazi, ambao Kizungu hawakukijua lakini adabu waliijua, wakaona mgeni amefurahi, wakapiga makofi, na mama yangu akapiga vigelegele vitano kamili, vile vya kuzaliwa mtoto wa kiume. Madam Nyambura alikuwa anatazama viatu vyake.

Mkuu alienda ofisini, akarudi na diski, akanivisha nyuma ya darasa. "Jumatatu shule nzima itakushukuru," akasema. Basi, nikawa mtu wa kwanza kuvishwa diski kwa kuongea Kizungu. Nililia, siwafichi.

Hapo mama akatokea na kiondo chake begani, akaiona diski shingoni mwangu. "Ngai! Kumbe umepewa medali?" Akamshika mkuu mkono kwa mikono yake miwili. "Asande sana, mwalimu. Hakuna mtu kwetu amewahi kupewa kitu ya shule." Mkuu akanitazama, akarudi ofisini.

Mama akapigilia msumari sebuleni, akaitundika karibu na kalenda. Jumatatu mkuu akanituma niirudishe, mama akakataa katakata. "Ati mtu apewe zawadi halafu anyang'anywe? Akiitaka, akuje mwenyewe aniambie ni ya nini." Hakuja, na sijui ni aibu, hakuchonga nyingine. Bila diski ya kuogopa, mimi na wenzangu tukaongea Kizungu kibovu kwa sauti kubwa mpaka tukamaliza shule.

Mimi niliapa siku hiyo hiyo: nikiandikiwa hotuba, siongezi hata nukta. Mama sasa anaishi kwangu, alihama na mbao yake, na kila mgeni akiingia lazima aoneshwe. "Hii kijana yangu alipewa juu ya Kizungu," anasema. Na mimi najibu, ndiyo mama, ni juu ya Kizungu.